Kila Nilipofunga Nondo Nilimtuma Maji

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba pia univumilie kwa sababu haya ni marefu na mimi si mtu wa kuandika, maisha yangu yote nimeshika mwiko, sikuwahi kushika kalamu kwa zaidi ya kupiga hesabu ya matofali, na hata haya unayoyasoma anayeyaandika ni binti yangu wa mwisho, tumekaa hapa sebuleni mimi nasema yeye anaandika, kwa kuwa macho yangu yameingia ukungu kama kioo cha bafuni na mistari ya karatasi siioni tena.

Mimi ni fundi mwashi, nina miaka sitini na minne. Hapa kwetu mafundi wameisha, na sitii chumvi. Tulikuwa waashi sita tunaojulikana, wawili wamefariki, mmoja amekwenda nchi ya mbali kujenga mahoteli, mmoja mgongo ulimkatalia akafungua kibanda cha vocha, mwingine amekuwa dereva kwa kuwa anasema usukani hauchubui mikono, nimebaki mimi. Chuo cha ufundi kilichokuwa nyuma ya stendi kilifunga darasa la uashi kwa kukosa wanafunzi, sasa wanafundisha kompyuta mle mle, na ukipita dirishani bado unauona ukuta wa mazoezi walioacha nusu. Fundi bomba tunaye mmoja na tunamgombania kama mpira wa kona. Katika mtaa mpya wa upande wa juu kuna nyumba nane zimesimama usawa wa linta, pale juu ya madirisha, majani yameota vyumbani, wenyewe wana matofali, wana mchanga, wana simenti inayogandia stoo, wanachokosa ni mtu wa kuviweka pamoja. Watu hunivizia mlangoni asubuhi kabla sijanawa uso, na nitakuwa mwongo nikisema jambo hilo halikunifurahisha. Lilinifurahisha sana.

Nilikuwa na saidia fundi wangu, tulimwita Taratibu kwa jinsi alivyoshika tofali kama anayepokea mtoto mchanga. Alikuja kwangu akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, akakaa nami miaka kumi na mitatu, akaoa akiwa kwangu, akapata watoto akiwa kwangu, na mke wangu alipofariki ni yeye aliyesimama mlangoni siku tatu kupokea wageni kama mtoto wa nyumba.

Mshauri, hapa ndipo pagumu. Nasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mama yake huyu anayeandika. Sikumfundisha. Kuchanganya zege nilimfundisha, na kupanga tofali, na kupiga lipu, yaani yale ambayo mtu mwenye macho atayajua hata usipomwambia. Lakini kila tulipofika kwenye kazi yenyewe, kutafuta mraba wa msingi, kupima ngazi, kufunga nondo za mahali pagumu, nilimtuma. "Taratibu, kalete maji." "Taratibu, hebu kaazime karai kwa jirani." Akirudi nimeshamaliza au nimeshafunika. Roshani nilikuwa namwaga zege mwenyewe kule juu, yeye nikimweka chini kwenye mchanganyiko, hafiki. Fundi aliyenifundisha mimi alinifanyia hivyo hivyo, ujuzi wake niliuiba kwa kuchungulia, nami nikaapa wangu hautaibiwa. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba akijua ataondoka, na akiondoka nitakuwa nani.

Mwaka wa sita hivi aliniuliza mbele ya wenzake, "Fundi, nondo za roshani zinakaaje?" Nikamjibu, "Zinakaa vizuri." Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Binti yangu ameweka kalamu chini. Nimemwambia andika, akasema, "Baba, yule mtu alikuwa ananibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha." Nimemwambia na hilo liandike.

Sasa mwaka jana yuko mama mmoja, muuguzi mstaafu, mjane, anajenga nyumba ya ghorofa moja katika mtaa huo huo. Alinijia mara tatu, mara tatu nikamwambia asubiri, na kusubiri kwake kulifika miezi saba, anaishi chumba kimoja na wajukuu wawili. Mwisho akamwomba Taratibu. Taratibu alikuja kwangu, akavua kofia, akasema, "Fundi, yule mama ananiomba nimmalizie. Wewe umejaa kazi. Nimekuja kwa heshima nikuulize." Nikamwambia, "Nenda. Si umeshakuwa fundi?" Ungesikia nilivyolisema hilo neno, ungejua kwamba haikuwa ruhusa.

Akaenda. Na alijenga vizuri, Mungu ananisikia, nilipitia huko nikapapasa kuta zake kwa kiganja, zimenyooka. Zege la ndani alilimwaga likakaa, kwa kuwa la ndani alikuwa ameliona kwangu mara nyingi. Watu wakaanza kusema Taratibu naye ni fundi. Wawili kati ya wale waliokuwa wakinivizia mlangoni sikuwaona tena.

Siku moja mchana alinikuta kazini, ananitafuta, vumbi mpaka kwenye kope. "Fundi," akasema, "kesho namwaga roshani ya yule mama. Nakuomba upite asubuhi uniangalizie nondo, dakika tano tu, hata ukitaka kunikaripia unikaripie." Nikamuuliza, nondo umezilaza wapi? Akajibu, "Chini, fundi, kama za ndani. Nimeziinua kidogo kwa vijiwe zisiguse mbao."

Nikueleze, mshauri, ili uelewe nilichokisikia. Zege la ndani limelala juu ya kuta pande zote, uzito unalibonyeza katikati, kwa hiyo nondo hukaa chini. Roshani imeshikwa na ukuta upande mmoja tu, huku kwingine inaning'inia hewani, kwa hiyo mkatiko wake unaanzia juu, pale inapoungana na ukuta, na nondo zake lazima zikae juu. Ukizilaza chini ni sawa na hukuweka kitu. Hiyo ndiyo siri yenyewe, yote, inasemwa kwa pumzi moja. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nikamwambia, "Nitapita."

Sikupita. Wala sikusahau, wala sikubanwa na kazi. Asubuhi ile nilikaa nyumbani nikanywa chai vikombe viwili. Nilijua mirunda ikitolewa, ile miti inayoshikilia zege mpaka likauke, roshani itapasuka, nami nilitaka ipasuke, nilitaka yule mama apige kelele na mtaa usikie na Taratibu arudi kwangu kichwa chini. Nilitaka ufa. Nakuapia nilitaka ufa tu.

Baada ya wiki tatu wakatoa mirunda. Wanasema aliwaambia wenzake wakae mbali, hii kazi ya kutoa ina hatari, akaingia chini mwenyewe. Alipogonga mrunda wa tatu roshani yote ikakatika kwenye ukuta ikashuka.

Yuko hai. Nyonga imevunjika na uti wa mgongo umeumia, na daktari amemwambia mkewe wazi kwamba miguu haitarudi. Ana miaka thelathini na tisa.

Mimi niliitwa siku ile ile kutazama, kama fundi mkuu. Watu wamejaa, kifusi kimelala pale mlangoni, na nondo zimechomoza kwa chini, kila mtu anaziona ila hawajui wanaona nini. Yule mama muuguzi akaniuliza, mikono yake ina damu maana ni yeye aliyemhudumia kwanza, "Fundi, huyu si wewe uliyemfundisha?" Na mke wa Taratibu amesimama hapo hapo. Nikasema, "Huyu alikuwa mbeba maji wangu tu."

Mkewe hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Miaka kumi na mitatu, fundi? Maji?" Akaondoka kufuata gari la wagonjwa.

Sijakwenda hospitali. Nilimtuma binti yangu na matunda, na Taratibu akamwambia, haya nayarudia kama alivyoniletea, "Mwambie fundi anisamehe. Nimemharibia jina." Tangu niyasikie hayo, chakula hakipiti, nakaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka jua linanihama, nafikiria kuondoka niende mahali wasipojua kwamba nilikuwa fundi, natamani ile roshani ingeniangukia mimi.

Sasa wenye nyumba wa mtaa ule wana kikao Jumamosi ya wiki ijayo pamoja na ofisa wa majengo. Wanataka niandike kwa mkono wangu kwamba Taratibu alijifanya fundi bila ujuzi, ili lawama yote imkae yeye na jambo liishe, halafu wamekubaliana hakuna atakayegusa nyumba zao isipokuwa mimi. Wananivika kilemba, wananiita mzee wetu. Na mimi, mshauri, kipovu cha pima maji macho yangu hayakioni tena. Mwezi uliopita nilimjengea mwalimu mmoja ukuta wa jikoni, nikaupapasa nikahisi umeegemea nje, nikauzibia kwa lipu nene asijue.

Swali langu ni hili. Nikisema ukweli watanifukuza, pengine watanishtaki, na zile nyumba zitabaki magofu, maana mwingine hayupo, na kuna familia nane zinangoja. Nikinyamaza nitawasaidia angalau hao. Je, si afadhali ninyamaze nijenge, niwe nalipia kosa langu kimoyomoyo? Au nifanyeje?

Ni mimi,
Fundi Niliyebaki Peke Yangu

*

Mzee wangu, shikamoo.

Na baada ya shikamoo hiyo niruhusu nikukaripie, maana umri wako nauheshimu lakini ulilolitenda siliheshimu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika, na nakujibu hasira ikiwa haijaisha.

Unaniuliza useme au unyamaze. Hukuhitaji kuniuliza. Ulishaanza kusema siku ulipomkalisha binti yako mezani ukampa kalamu. Ulimchagua yeye, ambaye alibebwa na mgongo ule ule ulioumia, badala ya kumwita jirani yeyote akuandikie. Moyo wako ulikuwa umeshakata shauri kabla ya akili yako kuanza kutafuta visingizio.

Pole nakupa. Nawe ulitumwa maji ulipokuwa kijana, nawe ulichungulia ujuzi kwa wizi, na najua hofu ya mtu ambaye kila alichonacho duniani kiko kichwani na kwenye viganja vyake. Najua pia macho yanapofifia mtu hujiona anafutika. Pole sana kwa hayo. Pole yangu inaishia hapo.

Usijifiche nyuma ya zile familia nane. Unalalamika mafundi wameisha, chuo kimefungwa, vijana wamekimbilia usukani. Yote ni kweli, na hayo hukuyafanya wewe. Lakini wewe ulikuwa na fundi ndani ya nyumba yako miaka kumi na mitatu, mtu mpole, mwenye mkono, mwenye adabu ya kuvua kofia, ukamgeuza ndoo. Mtaa wako ungekuwa na waashi wawili leo. Na kila miaka mitatu yeye angekuwa ametoa mwingine. Zihesabu zile nyumba upya ukijua hilo.

Halafu unataka kuwajengea watu kwa macho yasiyoona kipovu, na unaniambia ni kulipia kosa! Hapana, mzee. Hilo ni kosa la pili linaandaliwa. Kesho asubuhi, kabla hujafanya kingine chochote, nenda kwa yule mwalimu mwambie ukuta wa jikoni kwake umeegemea na ubomolewe. Usimpelekee maelezo marefu. Wapishi hukaa jikoni, na watoto hukaa na wapishi. Kisha mwiko uuweke chini mpaka umeonwa na daktari wa macho. Ukungu wa namna unayoieleza mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa, lakini hatoki kwa kukaa uani juu ya ndoo.

Ile karatasi usiiandike. Jumamosi ingia kwenye kikao kabla hawajafungua mazungumzo, omba nafasi, na useme ukiwa umesimama: sikumfundisha kwa makusudi, aliniambia nondo ziko chini, nilijua roshani itapasuka, nikanyamaza. Maneno hayo tu. Yule ofisa atataka kuyaandika, mwache aandike, na kama yatakupeleka mbele ya sheria, nenda. Mkewe akiwepo, mgeukie yeye wala usitazame sakafu, na ulifute lile neno la mbeba maji kwa kinywa kile kile kilicholisema, mbele ya watu wale wale waliolisikia.

Sitakudanganya kwamba mambo yatanyooka. Hayatanyooka. Miguu ya yule mtu haitarudi kwa sababu umesema ukweli, na zile nyumba huenda zikaota majani msimu mwingine mzima, na wale wanaokuita mzee wetu watavuka barabara wakikuona. Umeniandikia ukitafuta mlango wa kutokea pasipo maumivu. Nimeutafuta nami, haupo. Kuondoka nako hakufai, maana utakuwa umekwenda na ile siri ya pumzi moja, na mtu mwingine atazilaza nondo chini mahali pengine.

Kwa hiyo fundisha. Wale wenzake Taratibu waliosimama mbali siku ile, waite. Macho hayahitajiki kueleza. Wape nondo na waya mikononi, waambie hii hukaa hapa kwa sababu hii, waulize, wakosee mbele yako, uwapapasie kazi yao kwa kiganja hicho hicho. Mraba, ngazi, roshani, yote, mpaka usibakiwe na kitu. Huenda wakakataa kuja, na sitawalaumu. Waite tena. Mwenye chuo naye mwone, mwambie ukuta wa mazoezi umeuona dirishani na wewe una saa za kutosha sasa. Wala usijipe moyo kwamba hili litafuta lile. Unalifanya kwa sababu linatakiwa kufanywa.

Na wewe binti uliyeandika, umefanya kazi ngumu kuliko zote. Mzigo huu si wako. Msindikize baba yako mpaka mlango wa wodi, lakini usiingie naye, na usimsemee. Ya matunda yamekwisha.

Maana hospitali utakwenda, mzee, na utakwenda kabla ya Jumamosi. Yule mtu amelala pale anaamini kwamba ni yeye aliyekukosea. Amepoteza miguu na juu yake umemwachia aibu. Miguu huwezi kumrudishia. Aibu ni yako, kaichukue. Vuta kiti, kaa karibu na uso wake. Usimwambie shetani alikupitia, usimwambie kazi zilikuwa nyingi, usimwambie habari ya macho. Mwambie nondo za roshani hukaa juu, na kwa nini hukaa juu, na kwamba ulijua siku ile mchana aliposimama mbele yako na vumbi kwenye kope. Kisha funga kinywa, ukae hapo hapo kwenye kiti, umsikilize, hata kama itachukua kutwa nzima, hata kama hatasema neno.